Filamu ya Kukodi na Macho Mekundu ya Bibi

Mwezi huu tuzungumze juu ya filamu tunazokodi na kuzitazama nyumbani pamoja na watoto.

Zamani jambo hili lilikuwa la nyumba chache. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mwenye deki hapa Morogoro alikodi mkanda dukani, na majirani wakajaa sebuleni hadi mlangoni. Baadaye zikaja CD na DVD. Siku hizi kijana anapeleka fleshi kwenye duka lenye kompyuta, analipa kidogo, anarudi na filamu kumi mfukoni. Mara nyingi mama hajui kilichomo mpaka watoto wameshakiona.

Tukisema kanisani juu ya filamu mbaya, wengi wetu tunafikiria picha za utupu na matusi. Hayo ni ya kukataliwa kweli. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa tunaomba muangalie na jambo jingine, ambalo hupita bila mtu yeyote kuinuka kuzima: katika filamu hii, nani anatajwa kuwa chanzo cha taabu?

Mwaka 1992 ilitoka huko Nigeria filamu iitwayo Living in Bondage, ya mtu anayemtoa mke wake kafara ili apate utajiri. Nyingi za namna hiyo zikafuata, zikafika kwetu, na watengenezaji wa hapa nchini nao wakatoa zao za kutisha, kama Nsyuka na Shumileta. Katika nyingi ya filamu hizi njia ni ile ile. Mtoto anaugua ghafla na kutetemeka, muziki unabadilika, kisha tunaonyeshwa mwanamke mzee aliyeketi pembeni. Hakuna aliyesema neno, lakini kila mtoto sebuleni ameshaelewa. Na katika filamu za kigeni zinazotafsiriwa kwa sauti, kazi iliyompa Lufufu jina nchini, mtafsiri huongeza maelezo yake. Hivyo neno "mchawi" laweza kusikika hata pale ambapo mwigizaji hakulitamka.

Katika nyumba moja tunayoifahamu hapa mjini, bibi mzaa mama aliteremka kutoka Mgeta kuja kutibiwa macho. Amepika kwa kuni maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha, na macho yake yamekuwa mekundu. Wajukuu walimpenda sana. Lakini safari hii walikataa uji wake, na yule mdogo akagoma kulala naye chumba kimoja. Mama yao alidhani ni utundu, mpaka wa kati alipomwuliza, "Mama, eti bibi huwa anaruka usiku?" Juma lililotangulia walikuwa wametazama filamu yenye kikongwe wa macho kama yale. Bibi aliyasikia maneno hayo. Bila kugombana na mtu, alianza kufunga kikapu chake arudi mlimani, na dawa hajaimaliza.

Hili si jambo la kuchekea. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yanatokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, au ugonjwa wa vikope, ambao una dawa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Na kwetu Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mtoto anayemkimbia bibi mzaa mama anakimbia shina lake mwenyewe.

Tena madhara hayaishii kwa bibi. Yule mtoto anayetetemeka kwenye filamu, sisi wauguzi tunamfahamu. Ni degedege, ambayo mara nyingi huletwa na homa kali, kama ya malaria. Dawa yake haiko kwa mganga, wala si kweli kwamba sindano itamwua mtoto huyo. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, umkimbize kituo cha afya. Nyumba iliyofundishwa na filamu kumtafuta mtu aliyeleta ugonjwa hupoteza saa ambazo mtoto alizihitaji ili apone.

Mama wa nyumba ile alifanya jambo la busara. Hakuwachapa watoto. Aliwaeleza habari za moshi na macho, kisha akachukua simu kuwaonyesha jinsi filamu inavyotengenezwa. Alimpiga bibi picha ya video akiwa ameketi kwenye mkeka, akasimamisha kurekodi, bibi akaondoka, akaendelea kurekodi mkeka mtupu. Walipoitazama, bibi alikuwa ametoweka kama upepo! Ufundi huu ni wa zamani sana. Mfaransa Georges Méliès aliutumia tangu mwaka 1896. Watoto walicheka, wakataka kutoweshwa wao pia, na bibi ndiye akashika simu. Alibaki mpaka dawa ikaisha.

Basi, akina mama, tufanye nini?

Kwanza, itazame filamu wewe mwenyewe kabla ya watoto, japo robo saa ya mwanzo na sehemu ya mwisho. Bodi ya Filamu huzipangia filamu madaraja ya umri, lakini filamu iliyonakiliwa kwenye fleshi haina jalada la kukuonyesha daraja hilo.

Pili, kaa nao. Usiifanye televisheni yaya wakati wewe uko jikoni.

Tatu, ikiisha msitawanyike. Waulize: nani amelaumiwa? Kwa ushahidi gani? Mgonjwa yule angepelekwa hospitali, hadithi ingekwishaje? Utashangaa jinsi hata mtoto wa miaka 8 anavyoweza kuipima filamu.

Nne, tafuta zilizo njema. Tunawapendekezea Neria, filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mume anafariki katika ajali, na shemeji anakuja kuchukua mali yote. Mjane hamtafuti mchawi. Anatafuta haki yake mahakamani, kwa msaada wa rafiki. Ina machozi, na kifo chake kitawagusa wadogo, kwa hiyo itazameni pamoja na watoto wakubwa, na baba awepo. Hapo mtapata nafasi ya kuzungumza juu ya wosia, jambo ambalo nyumba nyingi huliogopa.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni kosa la nani, la kwake au la wazazi wake. Yesu hakuwapa mtu wa kumlaumu. Aliyashughulikia macho ya mgonjwa. Nasi tuwalee watoto wetu hivyo, ili wakiona macho mekundu ya mzee waulize kwanza kama amepata dawa.

Mungu azibariki nyumba zenu, na awape bibi zetu maisha marefu.