Hofu Haiwezi Kuwa Shahidi

Katika Kitabu cha Nabii Danieli tunasoma habari za Susana, mwanamke mwadilifu aliyehukumiwa kufa kwa maneno ya wazee wawili. Mkutano wote uliwasadiki kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi wa watu, wala hakuna aliyewauliza lolote. Ndipo kijana Danieli alipoomba watenganishwe, akamtaka kila mmoja aseme ni chini ya mti gani walimwona akitenda dhambi. Kila mmoja alitaja mti wake, na uongo ukadhihirika. Swali moja liliokoa uhai wa mtu.

Hatuna budi kuikumbuka habari hiyo, kwani historia ya karne iliyopita imejaa mabaraza ambayo hayakuuliza swali.

Mwezi Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy wa Marekani alisimama mbele ya mkutano mjini Wheeling, akadai kuwa anayo orodha ya Wakomunisti 205 walioajiriwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Siku chache baadaye idadi hiyo ikawa 57. Lakini hofu haijui hesabu. Kwa miaka minne walimu, watumishi wa serikali, waandishi na wasanii walipoteza kazi na heshima, wengi wao kwa kosa la kutajwa tu. Aliyekataa kuwataja rafiki zake alihesabiwa kuwa amekiri. Ni mwezi Desemba 1954 tu ambapo Baraza la Seneti lilimlaani McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22.

Kwa unyofu ni lazima tukiri kwamba McCarthy alikuwa Mkatoliki, na Kardinali Francis Spellman wa New York alimwunga mkono. Lakini pia Bernard Sheil, Askofu Msaidizi wa Chicago, alimpinga hadharani mwezi Aprili 1954, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na gharama. Basi imani peke yake haikumkinga mtu na kosa hilo. Ilihitajika na dhamiri iliyo macho.

Wala tusidhani kuwa mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Katika miaka hiyo hiyo, kwa majirani zetu wa Kenya, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikamatwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, wakashtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Kwa kuwa Kenyatta aliwahi kusoma Moscow, hofu ya Ukomunisti iliongezwa juu ya hofu ya Mau Mau. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mahali pa mbali palipofungwa kwa watu wa kawaida. Wanahistoria wameonyesha kuwa Jaji Ransley Thacker alilipwa paundi 20,000, nje ya mshahara wake, na Gavana Evelyn Baring.

Shahidi mkubwa alikuwa Rawson Macharia, aliyeapa kwamba alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo mwaka 1950. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Miaka mitano ikapita. Mwaka 1958 Macharia aliapa tena, safari hii akisema kuwa ushahidi ule ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya serikali na kazi atakaporudi. Ndugu Msomaji, pima jambo hili: aliposema maneno ya kumfunga mtu alipewa masomo, alipoyakana maneno hayo, alishtakiwa yeye kwa kuapa uongo, akafungwa. Ndivyo inavyokuwa wenye nguvu wanapoihitaji hofu kuliko wanavyoihitaji kweli.

Nao wadogo wasio na jina waliteseka zaidi. Katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya watu walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu alikwenda kizuizini. Danieli angemwuliza nani swali, wakati shahidi hana uso? Hata huku kwetu, katika mashamba ya Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, Wakikuyu wengi walikamatwa au kurudishwa Kenya, si kwa tendo walilolitenda, bali kwa kabila lao.

Lakini fundisho chungu kuliko yote lilikuja baada ya Uhuru. Achieng Oneko alishinda rufani mwaka 1954, hata hivyo aliendelea kuzuiliwa kwa miaka mingi. Baadaye akawa waziri katika serikali ya Kenyatta. Mwaka 1966 yeye na Kaggia walimfuata Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU, na wakubwa wakawaita vibaraka wa Wakomunisti. Mwaka 1969 chama kilipigwa marufuku, Oneko akatiwa kizuizini bila kesi hadi mwaka 1975. Rais wakati huo alikuwa yule yule aliyesimama naye kizimbani Kapenguria. Kumbe kuonewa hakumfundishi mtu haki moja kwa moja. Tusipoiponya nafsi, tunajifunza tu jinsi ya kuonea.

Sisi Watanzania je? Tulikuwa na Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Mwaka 1983 ulifanyika msako wa wahujumu uchumi. Ulanguzi ulikuwepo, na wananchi waliteseka kwa kukosa sabuni na sukari. Lakini sheria iliyotungwa haraka mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na wakili, nayo ilibidi ibadilishwe mwaka 1984. Wapo waliokamatwa kwa haki. Wapo pia waliotajwa na jirani mwenye kijicho kwa sababu ya duka au shamba. Neno "mhujumu" lilitosha, kama neno "Mkomunisti" lilivyotosha kule.

Leo maneno ni mengine: mchawi, mwizi, msaliti. Hapa Majengo, sauti moja ikipiga kelele ya mwizi sokoni, kundi hukusanyika kabla ya mtu kuuliza kilichoibwa ni nini na cha nani. Bibi kizee hutengwa ukoo mzima kwa sababu mtoto ameugua. Ujumbe wa simu wenye jina la mtu huzunguka kutoka hapa hadi Kibosho na Marangu kabla ya jua kuchwa. Wahenga walisema, mdhaniwa ndiye siye.

Amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani, na mafundisho ya Kanisa yanadai zaidi ya kuungama. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi. Aliyeiba jina jema la mtu anawajibika kulirudisha, pale pale alipoliharibu na mbele ya wale wale waliomsikia. Macharia, kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa, alijaribu kufanya hivyo.

Basi tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, wazee wa mitaa na viongozi wa dini zote hapa Majengo washike mambo matatu. Kwanza, shutuma isiyo na mwenyewe isipokelewe. Pili, kila anayeshutumu aulizwe aliona nini, lini na wapi, na atakayefaidika na shutuma hiyo ajulikane. Tatu, mshutumiwa asikilizwe kabla ya hukumu, naye akiwa na kosa la kweli apelekwe penye sheria, si penye mawe na matairi.

Hofu ina haki ya kutuamsha usiku tukague mlango, lakini haina haki ya kupanda kizimbani kutoa ushahidi. Siku utakaposikia jina la jirani yako likitajwa, usingoje Danieli mwingine. Uliza wewe: ni chini ya mti gani?