Usiniambie ni ya Kifaransa, niambie ni siagi gani

Wadau, leo naomba niongelee krosanti. Neno lenyewe kila mtu analiandika anavyoweza. Kuna anayeliandika kwa Kifaransa kamili, kuna wa "kroisanti", na juzi nimeona "korosanti" kwenye status ya mtu. Hiyo hainisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni maneno mawili yanayofuata pale mbele: "ya Kifaransa".

Ukitafuta krosanti ya chokoleti mtandaoni hapa Dar utapata kurasa kibao, na karibu zote zinasema original, halisi, kama upo Paris. Picha ni zilezile, zimeshushwa kutoka intaneti, unaona mpaka meza ya marumaru ambayo muuzaji hana. Halafu mzigo ukifika ni mkate mtamu umekunjwa kama mwezi, ndani umepakwa chokoleti ya kopo. Mtamu kweli, sikatai. Lakini mteja hakuagiza mkate mtamu.

Mimi nina kiduka cha vifaa vya kuokea, huku Sinza. Nimeishia kidato cha nne, kuoka nimejifunza YouTube, biashara nimefundishwa na wateja. Kwa hiyo siongei kama mpishi wa hoteli. Naongea kama mtu anayewauzia nyinyi unga, hamira na mafuta. Kilichotoka dukani kwangu jana nakijua, na leo naona kilichoandikwa kwenye posti.

Msimamo wangu ni huu: kuoka kwa majarini siyo kosa. Watu wanakula, wanafurahi, bei inashikika. Kosa ni kuchukua majarini ukaiita siagi, halafu ukaongeza na Ufaransa juu yake.

Na hapa lugha yetu inatusaidia kudanganya. Wengi wetu tumekua tukiita Blue Band "siagi". Mkate na siagi asubuhi, maana yake ni ile. Lakini ile ni mafuta ya mimea, ng'ombe hahusiki. Siagi yenyewe inatoka kwenye maziwa. Sasa mteja anakuja inboksi anauliza, "Dada, hizi zina siagi?" Unajibu "Ndiyo kabisa mpenzi", na moyoni unajiona hujasema uongo. Yeye ameuliza siagi ya maziwa, wewe umejibu siagi ya kopo. Wote mmetumia neno moja. Mmoja wenu ndiye amelipa.

Wafaransa wenyewe hili walishalimaliza. Kule kuna krosanti ya kawaida, na kuna inayoandikwa "au beurre", yaani ya siagi. Ukishaandika hivyo huwezi kuweka majarini. Ipo hata desturi ya umbo: ya siagi inaachwa imenyooka, ile ya majarini inapindwa kama mwezi. Desturi hiyo haifuatwi kila duka, lakini angalia mantiki yake. Zote mbili zinauzwa, kila moja na bei yake, na hakuna anayeona aibu. Kwa hiyo unapouza ya majarini na kusema ni ya majarini, umefanya kama Wafaransa kuliko yule aliyebandika bendera yao kwenye posti.

Jambo la pili ambalo wengi hamlijui: krosanti ya chokoleti ya Kifaransa haina umbo la mwezi. Inaitwa pain au chocolat, ni kama kifurushi cha mstatili, na ndani zinalala fimbo mbili nyembamba za chokoleti. Watu wa kusini magharibi, Toulouse na Bordeaux huko, wanaiita chocolatine na wanabishana na wenzao wa Paris kuhusu jina kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Jina wanagombana, unga na siagi hawagombani. Na tusiwape sifa zote. Aliyepeleka mikate ya aina hii Paris mwishoni mwa miaka ya 1830 alikuwa mtu wa Austria, August Zang, aliyefungua duka la mikate ya Vienna. Ndiyo maana mpaka leo Wafaransa wanaziita viennoiserie, vitu vya Vienna. Ule mkunjo wa tabaka tabaka na siagi ndio walioufanya wa kwao baadaye.

Sasa utaijuaje? Wanaouza tena vya wengine hii iwahusu sana, maana mnaposti kitu hamjakioka. Nunua moja, ikate katikati kwa kisu cha meno. Ndani unatakiwa uone matundu kama sega la nyuki, siyo sponji ya keki. Ganda la nje livunjike na likuchafue nguo. Halafu weka kipande mdomoni usitafune haraka. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 32 hadi 35, mdomo wako una joto zaidi ya hapo, kwa hiyo inapotea yenyewe. Majarini nyingi za kukunjia zimetengenezwa ziyeyuke kwa joto la juu zaidi ili zisimsumbue mwokaji, ndiyo maana ukimaliza kula unabaki na kitu kama nta juu ya kaakaa. Ukishakisikia mara moja huwezi kukisahau. Harufu nayo inasema, ila harufu siku hizi inauzwa kwenye kichupa. Hata mimi nauza.

Kwa nini nimeamua kuandika yote haya? Kuna dada mmoja wa Tabata, mteja wangu, jina namtunzia. Alikuwa anaoka kwa siagi ya maziwa tupu. Anaamka saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa jikoni kwake kuna ubaridi kidogo, anakunja, anarudisha kwenye friji, anakunja tena. Alikuwa anauza moja elfu tano. Kila akiposti, komenti ni hizohizo: "Mbona fulani anauza elfu mbili na yeye ni za Kifaransa?" Huyo fulani namjua pia, mafuta anachukua kwangu, na katika mafuta anayochukua siagi haimo. Dada alijaribu kushusha bei, akawa anaoka kwa hasara, mwezi wa tatu akaacha. Sasa anauza mitumba ya watoto. Anafanya vizuri, nashukuru, lakini ujuzi ule umekaa bure, na mteja aliyekuwa anatafuta kitu halisi hana pa kukipata mtaani kwetu. Itabidi apande mpaka migahawa ya Masaki na Oysterbay alipe bei ya kule.

Hebu tupige hesabu, ili mtu asione elfu tano ni tamaa. Mchanganyiko wa kawaida wa unga nusu kilo unataka siagi ya kukunjia kama gramu 250, na unatoa vipande 12 hivi. Kila kipande kinabeba karibu gramu 21 za siagi. Chukua bei ya siagi dukani kwenu leo. Tuseme pakiti ya nusu kilo ni 18,000, basi siagi peke yake ni 750 kwa kila kipande. Bado chokoleti vijiti viwili, kama gramu 10. Bado unga, maziwa, mayai ya kupaka juu, umeme, mfuko, na vipande viwili vitatu vitakavyoharibika. Bado usiku wako ambao hujalala. Ukiona mtu anasema siagi tupu, chokoleti halisi, elfu mbili na delivari bure, muulize ana ng'ombe wangapi.

Na Dar yenyewe haitaki krosanti, tuseme ukweli. Mikunjo mitatu ya mara tatu tatu inakupa tabaka 27 za siagi, na kila tabaka linatakiwa libaki peke yake mpaka kwenye oveni. Siagi ikilainika inaingia kwenye unga, umebaki na mkate. Januari na Februari jikoni kwetu joto linapita 30. Hata kuumua kunatakiwa kusizidi kama nyuzi 27 au 28, la sivyo unaona siagi inatiririka kwenye trei. Umeme ukikatika na donge lipo kwenye friji ndiyo kabisa. Ndiyo sababu wengi wanakimbilia majarini, na mimi siwalaumu. Majarini ya kukunjia inavumilia joto letu. Hiyo ni sababu nzuri ya kuitumia. Siyo sababu ya kuificha.

Usafirishaji ndio unaua hata ile iliyookwa vizuri. Wengi mnafungia kwenye kontena la plastiki ikiwa bado ya moto ili "ifike ya moto". Mvuke unarudi kwenye ganda, mteja anapokea kitu kimelegea kama chapati ya jana. Acha ipoe kabisa kwenye waya, weka kwenye boksi la karatasi au mfuko wa kaki, na boda asiipitishe kwanza Mbezi wakati mteja yuko Mwenge. Kitu hiki ni cha asubuhi. Iliyookwa saa kumi na moja alfajiri, saa kumi jioni siyo ileile tena. Bora uoke 12 na ziishe kabla ya saa nne kuliko kuoka 40 na kuposti "bado zipo" mpaka usiku.

Kuna mnaoniuliza kuhusu zile za kugandishwa, zinazoingizwa nchini zikiwa mbichi halafu zinaokwa hapa. Je, hizo ni halisi? Kwangu, kama pakiti inasema siagi na iliyomo ni siagi, iko karibu na Ufaransa kuliko ile uliyoikunja kwa mikono yako na majarini. Najua hapa nitapingwa. Lakini Ufaransa kwenyewe sheria ya mwaka 1998 inamtaka mwenye kuandika "boulangerie" mlangoni akande na kuoka mkate wake palepale, na mkate hauruhusiwi kugandishwa. Hiyo ni kwa mkate. Krosanti haimo kwenye sharti hilo, kwa hiyo hata Paris unaweza kuingia duka zuri ukala ya kiwandani. Basi wewe wa Sinza ukiagiza za kugandishwa na ukasema umeagiza za kugandishwa, mimi nitanunua. Ukisema umezikunja mwenyewe usiku kucha, hapo tumekosana.

Liko pia suala la halali, na hili msilichukulie kama utani. Mafuta mengine ya kuokea yana mafuta ya wanyama, na ya nguruwe yapo kwenye soko la dunia. Mteja anapouliza "mafuta gani?" huenda hajali kabisa mambo ya Paris, anataka kujua kama anaweza kumpa mwanawe. Ukijibu "siagi original" wakati hujasoma nyuma ya pakiti, umemjibia mtu jambo la dini yake kwa kubahatisha. Vilevile kuna mwenye mtoto asiyepatana na maziwa, yeye huenda anatafuta ya majarini isiyo na maziwa kabisa, na wewe unamficha kilichomo ndani!

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Sijasikia mtu wa mtandaoni ameitwa kwa ajili ya krosanti, na sidhani kama kuna atakayeitwa kesho. Ila wateja wanaojua wanaongezeka. Kariakoo imejaa wageni wa Lubumbashi na Bujumbura, watu waliokua na Kifaransa. Mmoja aliingia dukani kwangu akiwa na kipande cha mtu mkononi, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hii wanaiitaje huku?" Nikamwambia mkate wa chokoleti. Akasema, "Basi wangeandika hivyo, ningeununua tena."

Kwa hiyo posti yako ninavyoiona mimi iwe hivi: "Krosanti za chokoleti, umbo la mstatili. Mafuta: siagi ya maziwa (au majarini ya mimea, andika ile uliyotumia). Chokoleti ya vijiti, siyo ya kupaka. Zimeokwa leo saa 11 alfajiri, zipo 12, mwisho wa oda saa 3. Moja 5,000. Picha ni ya leo." Basi. Piga picha iliyokatwa katikati, kwa simu yako hiyohiyo, juu ya sahani yako hiyohiyo. Meza ya marumaru tuwaachie wenyewe.

Wapo watakaosema mteja wa Dar hasomi, anaangalia bei tu. Wapo wa hivyo, tena wengi, na hao wauzie ya majarini kwa elfu mbili, ukiiandika hivyo. Wewe wa siagi huhitaji mia. Unahitaji 12 kila asubuhi.

Asiyejua pakiti yake ina nini, alete picha kwenye komenti tuisome pamoja. Picha ya nyuma ya pakiti, siyo ya mbele.