Lami ya Newala–Masasi isiwasahau waendao kwa miguu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie Wakala wa Barabara (TANROADS) ombi kuhusu barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, iliyopangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sisi wa Chidya na vijiji jirani tumeililia lami hii miaka mingi, na tunashukuru.

Hofu yangu ni mwendo. Vumbi na makorongo vilimlazimu dereva apunguze. Lami itamfungulia njia, ilhali pembeni wanapita wanafunzi, akina mama wenye ndoo za maji na wakulima wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya korosho kwenda ghala la chama cha ushirika wa mazao (AMCOS). Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, lakini kibao peke yake hakimzuii dereva mwenye haraka.

Naomba kila penye soko, shule na zahanati pawekwe matuta, vivuko vyenye alama, na njia ya miguu na baiskeli iliyotenganishwa na magari. Haya yafanywe pamoja na ujenzi, yasisubiri mazishi.

Msomaji wako,
Chidya, Masasi