Mtoto Anapokohoa na Sababu Haijulikani

Mama msomaji, kuna sauti moja ambayo mzazi huitambua hata akiwa katika usingizi mzito, nayo ni kikohozi cha mtoto wake. Kikija kwa siku chache, mzazi humfunika mtoto vizuri, humpa maji ya uvuguvugu na kurudi kulala. Lakini kikohozi kinapoingia mwezi wa pili, na kila aliyeulizwa amesema lake, nyumba nzima huanza kuishi kwa kukisikiliza. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo hilo, kwa sababu lilitukuta sisi wenyewe, baba na mama, na karibu tufanye kosa kubwa.

Mwanetu wa tatu alikuwa na miaka 5. Mwezi Mei, baridi ilipoanza kuingia hapa Iringa, alipata mafua kama watoto wengine wa mtaani. Mafua yaliisha, homa haikuwapo, lakini kikohozi kilibaki. Mchana alicheza na kula kama kawaida. Usiku, ilipofika saa nane, alianza kukohoa kikohozi kikavu, mfululizo, hata mara nyingine akatapika chakula cha jioni. Juni ikapita, Julai nayo ikapita.

Tuliyoyafanya kwanza

Tulianza na dawa ya maji kutoka duka la dawa. Chupa ya kwanza ilipokwisha tulinunua ya pili, yenye rangi nyingine na bei kubwa zaidi. Zahanati walitupa dawa za kuua vijidudu za siku 5, na tuliporudi wakatupa nyingine. Mwishowe tulikwenda hospitali kubwa, mtoto akapigwa picha ya kifua. Daktari aliitazama kwenye mwanga akasema kifua ni safi. Tulirudi nyumbani na picha ile katika bahasha, tukiwa na furaha. Saa nane usiku kikohozi kikaanza tena.

Majirani nao hawakukaa kimya. Mmoja alileta tangawizi, mwingine mafuta ya kondoo, na yupo aliyetushauri tumnyweshe mtoto matone ya mafuta ya taa. (Mama mpendwa, usithubutu. Mafuta ya taa yakimpalia mtoto, hata kidogo, huweza kuyaunguza mapafu yake.) Wengine walinong'ona tu. Siku moja tulimwona mama mmoja akimwita mtoto wake aondoke pale alipokuwa akicheza na wetu. Hakusema neno, lakini tulielewa anachoogopa.

Hata sisi wawili tulianza kutazamana vibaya. Mmoja alimlaumu mwenzake kwa kumwogesha mtoto jioni, mwingine akauliza fedha za dawa zimekwenda wapi. Kukosa usingizi kwa miezi mitatu huwafanya watu wanaopendana waseme maneno wasiyokusudia.

Bibi na kimeo

Mwezi Agosti bibi yake mtoto alikuja kutoka kijijini kututembelea. Alisikiliza kikohozi kwa siku mbili bila kusema kitu. Asubuhi ya tatu alimwita mjukuu wake mlangoni penye mwanga, akambana ulimi kwa kijiko, akatazama kooni. "Wanangu," alisema, "kimeo kimeshuka. Ndicho kinachomwasha. Huyu akatwe."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Watoto wake mwenyewe walikatwa vimeo na wakakua, na mmoja wao ni huyu baba anayeandika hapa. Alimjua mzee mmoja wa kazi hiyo. Hatuna haja ya kuficha: siku ile tulikubali. Tulikuwa tumechoka, na fedha tulikwisha kuziweka kando. Kilichotuzuia ni kwamba mzee yule alikuwa amesafiri kwenda msibani, akatuma neno kuwa atarudi Jumatatu.

Siku ya Jumamosi alipita muuguzi mmoja mstaafu, mama mtu mzima tunayesali naye. Tulipomweleza habari zetu hakutupa dawa wala hakutukemea. Alituuliza maswali. "Anakohoa saa ngapi hasa? Kabla ya kukohoa alikuwa akifanya nini? Upo usiku asiokohoa? Mara ya mwisho alipimwa uzito lini?" Tulitazamana. Miezi mitatu tulikuwa tumekisikia kikohozi kile, lakini hakuna swali hata moja tuliloweza kulijibu kwa uhakika.

"Basi nunueni daftari," alisema. "Andikeni kwa siku 14, kisha mpelekeni kwa daktari pamoja na daftari lenyewe. Na hicho kimeo msikiguse. Mtu akikohoa sana koo huvimba, na kimeo huonekana kirefu. Ukikikata, umekata kilichoumizwa na kikohozi, na kikohozi chenyewe kinabaki."

Alitueleza aliyoyaona katika miaka yake ya wodini: watoto walioletwa wakitoka damu isiyokoma, wengine wakiwa na vidonda vilivyooza kooni. Wembe usio safi huweza kuleta pepopunda, na wembe uliotumiwa kwa mtoto mmoja kisha mwingine huweza kupitisha virusi vya UKIMWI. Na yule aliyekuwa na nimonia au kifua kikuu hupotezewa siku ambazo angekuwa anatibiwa.

Kumwambia bibi haikuwa rahisi. Tulimwendea jioni tukakaa naye, tukasema, "Mama, tunaomba utuvumilie siku 14. Tunataka kwanza tumsikilize mtoto vizuri, na tunakuomba utusaidie." Alinyamaza kwa muda, na tuliona ameumia. Lakini usiku ule tulisikia mlio wa kitu kikidondoka katika kopo. Bibi hakujua kuandika, ila alikuwa ameketi kitandani kwa mjukuu wake, na kila mtoto aliposhikwa na kikohozi alitia harage moja ndani ya kopo. Asubuhi tulihesabu maharage 12, tukaandika.

Daftari lilivyosema

Siku 14 zilipokwisha, daftari lilikuwa na habari ambazo hatukuwa tumezijua. Kikohozi kilikuja zaidi kati ya saa nane na saa kumi usiku. Mchana kilikuja mtoto alipokimbia nyuma ya mpira, alipocheka sana, au tulipofagia ndani. Hakikuwa na makohozi. Mtoto hakuwa na homa, na uzito ulikuwa ukiongezeka. Na zilikuwapo siku tatu zenye haragwe moja au bila haragwe kabisa. Tulipozitazama, tuliona kwamba siku hizo mtoto alilala sebuleni na binamu yake aliyekuja likizo. Chumbani kwake tulikuwa na desturi ya kuingiza jiko la mkaa jioni ili kupasha joto, na alilalia mto wa zamani wa sufi uliojaa vumbi. Sebuleni hapakuwa na jiko wala mto ule.

Daktari wa safari hii alilisoma daftari kwa muda mrefu kuliko alivyompima mtoto. Aliuliza kama katika ukoo wetu kuna mwenye pumu, tukakumbuka shangazi yake. Ndipo akasema anadhani ni pumu.

Tulibisha. Pumu tunayoijua ni ya mtu anayehema kwa shida, na kifua chake kinalia kama filimbi. Mwanetu hakuwa hivyo. Daktari alieleza kwa upole kwamba kwa baadhi ya watoto pumu hujionyesha kwa kikohozi tu, hasa usiku, na baada ya kukimbia, vumbi, moshi au baridi. Picha ya kifua huweza kuwa safi kabisa. Dawa za kuua vijidudu haziisaidii, kwa sababu tatizo ni njia za hewa kuvimba na kubana. "Tumpe dawa ya kuvuta kwa majuma manne," alisema. "Kikipungua, tumepata jibu. Kisipopungua, tutaendelea kutafuta." Tulimheshimu kwa kusema hivyo.

Hofu yetu nyingine ilikuwa dawa yenyewe. Tumezoea kusikia kwamba anayeanza kuvuta dawa haachi tena, na kwamba ni dawa ya waliozidiwa. Daktari alichukua kalamu akatufanyia hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 2 kina dawa mara 20 ya ile inayotoka katika mpulizo mmoja wa maikrogramu 100. Kidonge huzunguka mwili mzima na kuutetemesha. Mpulizo huenda kwenye kifua moja kwa moja. Wala haimfanyi mtoto kuwa mtumwa wake.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta sawasawa akipuliziwa mdomoni, hivyo dawa hupitishwa kwenye chombo cha plastiki. Chombo cha dukani kikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita hufaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya namna hiyo humsaidia mtoto sawa na chombo cha kununua. Kitako cha chupa hutobolewa tundu linaloshika mdomo wa dawa bila kuvuja, na mtoto hupumua kwenye mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi akuonyeshe, usikisie. Ikiwa mtoto amepewa dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe, asukutue kinywa na kutema baada ya kuivuta.

Tuliliondoa jiko chumbani siku ileile. Hilo hata asiye na mtoto mwenye pumu alifanye, maana mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini. Mto wa sufi tuliutoa, shuka tukazianika juani, na kabla ya kufagia tukawa tunanyunyiza maji. Juma la pili maharage yalishuka yakawa matatu. Juma la nne bibi alitingisha kopo tupu, akacheka.

Si kila kikohozi ni pumu

Mama mpendwa, hatukuandika haya ili kila anayekohoa apewe dawa ya mwanetu. Baada ya mafua ya kawaida mtoto huweza kukohoa hadi majuma mawili au matatu na kupona bila dawa. Kikipita majuma mawili na hakielekei kupungua, mpeleke akapimwe. Angalia pia haya:

Kifua kikuu. Mtoto hukipata kwa kawaida kutoka kwa mtu mzima wa karibu. Jiulize nani nyumbani, hata mgeni au msaidizi wa kazi, anayekohoa muda mrefu. Mtoto hupungua uzito, huwa na homa zisizoeleweka, na hachezi kama zamani. Watoto wadogo hawawezi kutoa makohozi, lakini siku hizi hata choo chao huweza kupimwa. Matibabu ni bure, na mtoto hupona.

Kifaduro. Mtoto hukohoa mfululizo mpaka anaishiwa pumzi, kisha huvuta hewa kwa mlio au hutapika. Tazama kadi ya kliniki kama alipata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Kitu kilichomwingia. Ikiwa kikohozi kilianza ghafula wakati mtoto anakula au anacheza, mwambie daktari hivyo hata kama ni majuma mengi yaliyopita. Punje ya karanga haionekani kwa urahisi katika picha ya kifua.

Usingoje daftari hata siku moja ukiona mtoto anapumua haraka (mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka mmoja, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5), mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo imekuwa ya bluu, au hawezi kunywa wala kunyonya. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku.

Na juu ya dawa za maji za kikohozi, tusizinunue kwa mazoea. Mwaka 2022 huko Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa, na vifo vyao vikahusishwa na dawa za maji zilizokuwa na sumu inayoharibu figo. Mtoto aliyepita mwaka mmoja hutulizwa na kijiko cha asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Mwanetu hajaagana na kikohozi moja kwa moja. Baridi ikianza, au akipata mafua, hurudi, nasi tunajua la kufanya. Yule mama aliyemwita mtoto wake tulimwendea, tukamweleza, na watoto wanacheza pamoja. Bibi alirudi kijijini kwake. Tunasikia kwamba mtu akimwambia habari za kimeo, humwuliza kwanza, "Umehesabu?"

Ikiwa nawe unakesha na mtoto anayekohoa, usijione mzazi mbaya kwa kuwa hujapata jibu. Chukua daftari, au kopo na maharage, uanze usiku wa leo. Daktari anamwona mtoto kwa dakika chache tu. Wewe ndiwe unayekaa naye usiku kucha, na yale uliyoyaona ndiyo anayoyahitaji.