Mgombea na Kivuko cha Barabara



Katika kikao cha Tume cha hivi karibuni tuliletewa ombi ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile. Baadhi ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo zilizo kando ya barabara kuu walituomba tumtangaze, kwa jina la Tume, mgombea anayefaa kuchaguliwa kwa sababu ameahidi kivuko, tuta na kituo cha basi mahali ambapo watoto wa shule huvuka wakikimbia. Walioleta ombi si watu wa siasa. Ni akina mama na wazee ambao wamekwisha kusindikiza majeneza. Kwa hiyo hatukuona vema kuwajibu kwa neno moja la kukataa, kana kwamba wamekosa adabu. Tulijipa muda, tukasoma, tukagundua kuwa swali lao limekwisha kuulizwa na watu wengine katika mji mkubwa wa mbali, nao wamekuwa wakilijibu kwa matendo kwa zaidi ya miaka 10. Tungependa kuwasimulia habari zao kabla ya kueleza msimamo wetu.

Mji wenyewe ni New York, Marekani. Mwaka 1990 watu zaidi ya 700 walikufa katika ajali za barabarani mjini humo. Idadi hiyo ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda, lakini mwaka 2013 ilikuwa bado karibu 300, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu. Mwaka 2014 meya Bill de Blasio alitangaza mpango wa kuvikomesha kabisa vifo hivyo, kwa kufuata mfano wa Sweden, ambako bunge lilikubali mwaka 1997 kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachopaswa kuhesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mwaka huo huo wa 2014 wazazi na ndugu waliofiwa wakaunda umoja wao, Families for Safe Streets. Watu hawa hawakuanza na siasa. Walianza na msiba. Walikwenda kwa wakubwa wakiwa wameshika picha za watoto wao.

Huko walikutana na jambo ambalo nasi hatuna budi kulijua. Meya wa New York anaweza kupaka rangi kivuko na kupanua njia ya waendao kwa miguu, lakini kwa muda mrefu hakuwa na uwezo wa kushusha kiwango cha mwendo wa magari katika mji wake mzima bila idhini ya serikali ya jimbo. (Tusemapo jimbo hapa tunamaanisha mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani, si jimbo la askofu wala jimbo la ubunge.) Bunge la jimbo hukaa Albany, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Ndilo lililoruhusu mwaka 2014 mwendo ushushwe kutoka maili 30 hadi maili 25 kwa saa, yaani kutoka kama kilomita 48 hadi 40. Ndilo lililoruhusu mwaka 2013 kamera za kupima mwendo zifungwe karibu na shule, tena 20 tu kwa kuanzia, katika mji wenye watu zaidi ya milioni 8. Hata mamlaka ya treni za chini ya ardhi na mabasi, iitwayo MTA, ni chombo cha jimbo, na mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Mtu aliyefiwa na mtoto Brooklyn angeweza kubisha hodi kwa meya mwaka mzima, kumbe ufunguo uko Albany.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 wananchi kadhaa wa mji huo walianzisha kamati ya kisiasa iitwayo StreetsPAC. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Huwapelekea wagombea maswali ya maandishi juu ya mabasi, treni, njia za baiskeli na usalama wa waendao kwa miguu. Huwaita na kuzungumza nao. Kisha hutangaza hadharani inawaunga mkono wapi, wa udiwani wa mji, wa umeya, na wa bunge la jimbo pia. Swali lao si la chama wala la kabila. Ni kama mtu huyu akipata kiti atapiga kura ya kumlinda anayevuka barabara na anayengoja basi, au hatapiga.

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hilo lina faida yoyote. Tutazame mwaka 2018. Sheria ya kamera za shuleni ilikuwa inafikia kikomo chake, na seneti ya jimbo ikafunga kikao mwezi Juni bila kuiongezea muda. Mwishoni mwa Julai kamera nyingi zikazimwa. Faini ya kamera hizo ni dola 50, na dereva haguswi mpaka awe amezidisha mwendo kwa zaidi ya maili 10 kwa saa. Hata hivyo adhabu hiyo ndogo ilionekana na wengine kuwa mzigo usiobebeka. Wazazi waliofiwa na wenzao waliandamana mbele ya ofisi ya seneta Marty Golden wa Brooklyn, ambaye, kama magazeti yalivyoripoti, gari lake lilikuwa limenaswa na kamera hizo mara kadhaa. Gavana Andrew Cuomo na baraza la mji walitafuta njia ya dharura, kamera zikawashwa tena kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Mwezi Novemba Golden alishindwa na Andrew Gounardes, na mwaka 2019 Gounardes ndiye aliyepeleka katika seneti muswada wa kuongeza kamera hadi kanda 750 za shule. Ukapita. Tangu Agosti 2022 kamera hizo hufanya kazi usiku na mchana, siku zote za juma.

Hatusemi kwamba watetezi wa barabara peke yao walimwangusha seneta. Mwaka ule chama cha Democratic kilishinda viti vingi vya seneti kwa sababu nyingine nyingi. Lakini jambo hili ni dhahiri: kilio kilichokuwa kinasikika msibani kilikuwa sasa kinasikika penye sanduku la kura, na walioomba viti walilazimika kukijibu.

Wala si kila mara mambo yalikwenda upesi. Mvulana wa miaka 12 aligongwa na gari Brooklyn mwaka 2013 akafa. Sheria iliyopewa jina lake, Sheria ya Sammy, ya kuuruhusu mji kushusha mwendo hadi maili 20 kwa saa, ilikwama Albany mwaka baada ya mwaka. Mwezi Juni 2023 baadhi ya waliofiwa walifunga kula huko Albany, na bado nyumba moja ya bunge ilimaliza kikao bila kuipigia kura. Ilipita mwaka 2024 pamoja na bajeti ya jimbo. Hesabuni wenyewe miaka ambayo mzazi huyo alipanda gari kwenda Albany.

Tena kuungwa mkono si dawa ya ahadi hewa. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya Manhattan, ili fedha hizo ziwezeshe mkopo wa dola bilioni 15 za kukarabati treni na mabasi ambayo watu wa kipato cha chini huyategemea. Gavana Kathy Hochul alikuwa ameuunga mkono mpango huo hadharani. Mwezi Juni 2024, majuma machache kabla ya kuanza, akausimamisha. Ulianza tarehe 5 Januari 2025 kwa dola 9 badala ya 15. Basi hata aliyesema ndiyo mbele ya kamera za televisheni huhitaji kukumbushwa, na anayemkumbusha huhitaji kuwa na subira na kumbukumbu iliyoandikwa.

Sasa tuje kwetu, na kwa ombi lililo mbele yetu.

Tume hii haitamtangaza mgombea. Tunalisema mapema ili lisitafutwe katikati ya mistari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa kisiasa, na Sheria za Kanisa, kanuni ya 287, zinawazuia makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Huko Marekani kwenyewe sheria ya mwaka 1954 ilikataza makanisa na mashirika ya hisani yasiyolipa kodi kuunga mkono wagombea, na ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na kamati iliyo mbali na mashirika hayo. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilipoieleza mahakama mwaka 2025 kwamba haioni tena kosa katika maneno ambayo kiongozi wa dini huwaambia waamini wake ibadani, maaskofu wa Marekani walijibu kwamba Kanisa Katoliki litaendelea na desturi yake ya kutounga mkono wala kupinga mgombea. Tunaona walijibu vema. Altare ikishaazimwa kwa mgombea mmoja, hairudi safi. Na mwamini aliyempigia mwingine kura atakomunika akijiuliza kama padri bado ni padri wake.

Lakini mnaotusoma si makleri. Mtaguso ule ule unawahimiza raia wote wakumbuke haki na wajibu wao wa kupiga kura kwa manufaa ya wote. Mlei akiungana na jirani zake, Waislamu na Walutheri na wasio na dini, wakaunda umoja wa wakazi wa barabara yao, wakawauliza wagombea maswali na kuyatangaza majibu, hatendi dhambi wala hahitaji ruhusa ya paroko. Anachotakiwa ni kutotumia jina la parokia, wala mimbari, wala sadaka. Kuna baadhi yetu mapadri ambao tumezoea kuwatuliza walei kila wanapotaja uchaguzi, na tukubali kwamba mara nyingine tumetuliza lililopaswa kusemwa.

Jambo la kwanza ambalo umoja wa namna hiyo ungepaswa kulifanya ni kutafuta ufunguo uko wapi. Hapa kwetu Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS; za mijini na vijijini nyingi ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kumdai diwani tuta kwenye barabara ya TANROADS ni kumuuliza mvuvi bei ya mahindi: ataijibu kwa ukarimu, wala hutapata mahindi. Mbunge ndiye anayeweza kumbana waziri. Diwani anaweza kulipeleka suala penye halmashauri na kulifuatilia. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika barua na kuweka kumbukumbu za ajali. Kila mmoja aulizwe lililo lake, na asiruhusiwe kujificha nyuma ya lisilo lake.

Jambo la pili ni mwendo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali ambapo magari na waendao kwa miguu huchangamana, na linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mgombea aulizwe kama atakubali kilomita 30 mbele ya shule, na atamwandikia nani. Aulizwe pia kuhusu basi: mwanafunzi anayekatazwa na kondakta kupanda kwa sababu nauli yake ni ndogo huishia kutembea kando ya lami jioni, na hilo nalo ni suala la usalama.

Ndugu zetu walioleta ombi, hatuwapi jina la mgombea. Tunachowapa ni ukumbi wa parokia, siku moja ya Jumamosi, kwa sharti kwamba wagombea wote waalikwe kwa barua za namna moja, wakae meza moja, na kila mmoja apewe dakika sawa. Maswali yaandikwe na wakazi, si na padri. Majibu yaandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya aliyeyatoa, atie sahihi. Daftari litabaki kwa katibu wa umoja wa wakazi, nasi tunaomba lifunguliwe tena baada ya mwaka mmoja, mtu huyo huyo akiwapo. Orodha ya ajali za barabara hiyo, pamoja na tarehe na mahali, iletwe kwa katibu wa Tume kabla ya siku hiyo. Tutaichapa na kuwagawia wote watakaokuja.