Uvimbe wa Pua na Paji la Uso si Jipu

Hutokea, kwa nadra, mtoto akazaliwa na uvimbe kwenye shina la pua au katikati ya paji la uso. Wataalamu hukadiria mtoto mmoja katika kila watoto 20,000 hadi 40,000. Mtoto huyo hakulaaniwa, wala mama yake hakutenda kosa.

Hapana budi tuseme wazi: uvimbe huo usitumbuliwe, usichomwe sindano, wala usichanjwe. Uko wa aina tatu kubwa. Ya kwanza ni kifuko cha ngozi kilichojifungia ndani, ambacho pengine huonyesha kitundu juu ya pua chenye unywele. Ya pili ni nyama ngumu ya asili ya ubongo iliyobaki nje ya fuvu. Hiyo haibonyei wala haiongezeki mtoto anapolia. Ya tatu ni utando wa ubongo, au ubongo wenyewe, uliochomoza kupitia ufa wa mfupa. Huo hupwita, na mtoto akilia huvimba zaidi. Zote tatu huweza kuwa na njia inayofika ndani ya fuvu. Anayepasua kwa wembe akidhani ni jipu, huenda akayavujisha maji ya ubongo na kuifungulia mlango homa ya uti wa mgongo.

Ndiyo maana hata daktari hakati kipande cha kupima kabla ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Picha hizo ndizo zinazoamua kama kazi ni ya daktari wa pua peke yake, au ashirikiane na mpasuaji wa ubongo.

Tangu mwaka 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja imekuwa na kituo cha upasuaji wa ubongo. Kuwaficha watoto majumbani kwa kuogopa maneno ya majirani hakuna udhuru tena. Lakini mama wa Micheweni au Kojani bado ana bahari ya kuvuka, nauli ya kutafuta, na siku za kulala mjini. Barua ya rufaa isiyo na nauli ni karatasi tupu. Serikali haina budi kuubeba mzigo huo. Wakunga nao wafundishwe kutazama paji na pua ya mtoto siku ile ile anapozaliwa, na kila sheha ajue pa kumwelekeza mzazi.

Kinga nayo isisahauliwe. Aina ya tatu huhesabiwa pamoja na kasoro za mfereji wa ubongo na uti wa mgongo, ambao hujifunga katika siku 28 hivi za mwanzo wa mimba, kabla wanawake wengi hawajajijua kuwa ni wajawazito. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ikianzwa kabla ya mimba, hupunguza kasoro za namna hiyo. Kuisubiri kliniki ya mwezi wa nne ni kuchelewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazazi wasifiche, na wenye dhamana wasingoje kukumbushwa.