Mchezo wa Vinyoya na Mfuko wa Nyumba



Vijana wengi wameupenda mchezo wa vinyoya, uitwao badminton, nao ni mchezo mwema. Huutia mwili nguvu, huzoeza jicho na mkono kwenda pamoja, wala hautaki kiwanja kikubwa, kwani uwanja wake kamili ni mita 13.40 kwa urefu na mita 6.10 kwa upana. Walakini wazazi hulalamika kwamba raketi walizozinunua mwezi huu, mwezi ujao huzikuta zimetundikwa ukutani, na watoto wamerudi kukaa barazani. Aghalabu sababu yake si uvivu wa watoto. Sababu ni kwamba fedha zote zilitiwa katika raketi, hata hakikubaki kitu cha kununulia vinyoya na nyuzi.

Yapasa ifahamike kuwa raketi hununuliwa mara moja, nyuzi hubadilishwa kila baada ya muda, na vinyoya huisha kama iishavyo sabuni. Basi mnunuzi asiulize tu, "Raketi hii bei gani?" bali ajiulize, "Mchezo huu utanigharimu nini mpaka mwisho wa mwaka?" Shauri letu ni kuzigawa fedha mafungu manne: mawili ya raketi, moja la vinyoya, na moja la nyuzi. Ikiwa mafungu mawili hayaifikii raketi iliyotamaniwa, na ichaguliwe iliyo chini yake, wala mafungu yale mengine yasiguswe.

Tuanze na raketi. Ziko za chuma au aluminiamu, ambazo nyingi zina kiungo pale fimbo ikutanapo na kichwa. Na ziko za kaboni, zilizo kitu kimoja. Zile za kwanza ni rahisi, nazo zamtosha mtoto mdogo ajifunzaye. Lakini ni nzito, na kiungo chake huweza kulegea. Kijana atakayecheza kila juma, heri anunuliwe raketi ya kaboni iliyo ya bei ya chini. Uzito huandikwa kwa alama: 3U ni gramu 85 hadi 89, na 4U ni gramu 80 hadi 84. Kwa mwanafunzi 4U yafaa, kwani haimchoshi kiwiko wala bega.

Tena aitazame fimbo yake. Fimbo inayopindika kidogo humsaidia mwenye mkono usiokuwa na nguvu nyingi; fimbo ngumu yataka mkono mwepesi uliozoea, na asiyeuwa nao huumia bega bure. Ndipo tunaposema kuwa raketi ya ghali kuliko zote si lazima iwe bora kwa mtoto wako. Na ukiona jina mashuhuri linauzwa kwa bei ya ajabu, jihadhari, kwani raketi za kughushi ni nyingi. Kabla ya kulipa, itazame fimbo kama imenyooka, pitisha kidole kuzunguka kichwa utafute ufa, na uhakikishe kuwa vijipete vyote vya plastiki vinamopita nyuzi vimo.

Ama nyuzi, ziko nene na nyembamba. Uzi wa milimita 0.70 hudumu, uliopungua milimita 0.66 huruka vizuri zaidi lakini hukatika upesi, hasa kwa anayejifunza, ambaye mara nyingi hukipiga kinyoya pembeni mwa raketi. Mwambie fundi akaze kwa paundi 20 hadi 22. Kukaza zaidi huyasumbua mapigo ya mwanafunzi, na raketi nyingi za bei rahisi hazikutengenezwa kustahimili mkazo mkubwa. Uzi mmoja ukikatika, usiufunge fundo. Zikate nyuzi zote mara moja, ukianzia katikati, kwani zilizobaki huuvuta upande mmoja mzingo wa raketi mpaka ukapinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vinyoya navyo ni aina mbili. Cha manyoya ya bata au bata bukini kina manyoya 16, na uzito wake kwa sheria ni gramu 4.74 hadi 5.50. Hicho ndicho kitumikacho katika mashindano makubwa, lakini mikononi mwa wanaojifunza huweza kuvunjika kabla ya mchezo mmoja kwisha. Cha nailoni hudumu zaidi sana, nacho ndicho kifaacho nyumbani. Uutazame utepe wa rangi kwenye kichwa chake: kijani ni cha mwendo wa polepole, buluu ni wa kati, na nyekundu ni wa kasi. Hewa ya joto ni nyepesi, na kinyoya hupita ndani yake kwa kasi zaidi. Hewa ya nchi za juu kadhalika. Kwa hiyo aliye katika joto la Mombasa au Unguja, na aliye juu Nairobi, wote wawili yawafaa kuanza na kijani. Nao wachezao uani wangoje saa ambayo kaskazi au kusi imetulia, kwani upepo mdogo tu hukichukua kinyoya.

Vijana wa mtaa mmoja wakishirikiana, gharama hupungua sana. Uzi huuzwa pia kwa gurudumu la mita 200, na raketi moja hutumia kiasi cha mita 10. Basi gurudumu moja laweza kufunga raketi 20 hivi. Na wachague mmoja mwaminifu wa kuweka daftari la fedha, ili pasiwe na manung'uniko.

La mwisho ni kwa mzazi mwenye watoto wawili. Usimnunulie mmoja raketi ya fahari na mwingine ukampa iliyopinda. Mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja. Anayeonewa ataacha, na yule mwenye raketi nzuri atabaki hana wa kucheza naye. Raketi mbili za wastani zilizo sawa, na mkebe wa vinyoya kando yake, zitawaweka wote wawili uwanjani mwaka mzima.